Siku za kusoma vitabu milimani Usambara: nyumba, msimu na mzigo wa vitabu

Mpanda Mlima (mleta uzi)

Wanajukwaa wenzangu, habari za leo.

Swali la mtu anayetaka siku chache za kusoma bila kusumbuliwa limekuwa likirudi humu mara kwa mara, na majibu mengi yamekuwa yakimpeleka ufukweni. Mimi nauona ufukwe kuwa mahali pabaya pa kusomea. Jua huwaka juu ya ukurasa mpaka macho yanauma, upepo hufunua karatasi kabla hujamaliza mstari, na muziki wa baa ya jirani haujali uko sura ya ngapi. Kwa msomaji anayeishi Dar es Salaam, Tanga, Moshi, Arusha na hata Mombasa, mahali panapofaa ni milima ya Usambara, hasa Lushoto na vijiji vinavyoizunguka. Naomba nieleze kwa kirefu kidogo, kwa sababu safari ya namna hii ikipangwa kama utalii wa kawaida huharibika, na mtu hurudi na picha nyingi na kitabu kisichovuka ukurasa wa 40.

Mji wa Lushoto uko mita zipatazo 1,400 juu ya usawa wa bahari, na hewa yake ndiyo iliyoupa historia yake ya kikoloni. Wajerumani waliuita Wilhelmstal, kwa jina la mfalme wao Wilhelm wa Pili, na wakaufanya mahali pa maofisa wao kulikimbia joto la pwani. Reli ya Tanga, iliyoanza kujengwa mwaka 1893, ilifika Mombo mwaka 1905, na tangu hapo aliyeteremka kwenye treni alibakiza kupanda mlima tu. Waingereza walipoitwaa nchi waliendelea na desturi ileile ya kupanda huko kupumzika. Ndiyo maana leo utakuta nyumba za kuta nene, zenye dohani na baraza pana, zikiwa zimesimama katikati ya mashamba ya kabichi na miti ya mapeasi, jambo ambalo si rahisi kulikuta mahali pengine katika mkoa wa Tanga.

Nyumba ya msomaji haichaguliwi kama chumba cha harusi. Usiulize kwanza kuhusu mandhari. Uliza kama chumbani kuna meza na kiti cha mgongo ulionyooka, kwa sababu nyumba nyingi za wageni huweka kitanda, kioo na runinga, halafu zikakuachia usomee kitandani, ambako kitabu hushindwa na usingizi. Uliza kama kuna sebule yenye meko ya ukutani na kama kuni zinawashwa kila jioni au mpaka aje mgeni mkubwa. Uliza kama wikiendi unayoitaka ina semina au sherehe, maana kumbi za milimani hukodishwa sana, na kipaza sauti cha mshereheshaji huvuka bonde bila shida yoyote. Hosteli na nyumba za wageni za misheni, ambazo ziko nyingi katika milima hii tangu wamisionari wa Kilutheri na wa Kikatoliki walipojenga vituo vyao, mara nyingi humfaa msomaji kuliko hoteli, kwa kuwa zina utaratibu wa mapema kulala na mapema kuamka, na chakula huja kwa saa yake.

Hapa natoa maoni ambayo najua yatapingwa. Irente, lile genge maarufu la ukingoni mwa mlima ambako kila mgeni hupelekwa, haifai kusomea. Ukikaa pale juu unaiona Mazinde chini kabisa, mashamba ya mkonge yakiwa yamenyooka kama mistari ya daftari, na tambarare inayoendelea mpaka macho yachoke. Hakuna kitabu kinachoweza kushindana na hali hiyo. Nendeni Irente alasiri moja, mle mkate na jibini ya shamba la pale, kisha mrudi kwenye baraza inayotazama bustani au ukuta. Msomaji anahitaji kitu kizuri cha kuinulia macho kwa nusu dakika, siyo kitu kitakachoyashika macho hayo saa nzima.

Kuhusu vitabu, watu hubeba vingi mno. Kitabu kimoja kinene, kimoja chembamba na diwani moja ya mashairi vinatosha kwa juma zima. Kile kinene kiwe ambacho umekiahirisha kwa muda mrefu, kwa sababu milimani huna kisingizio. Chembamba ni cha asubuhi ambayo kinene kimekushinda. Mashairi ni ya kusoma kwa sauti, jambo ambalo katika nyumba za kupanga za mjini huwezi kulifanya bila majirani kuuliza una nini.

Ukiweza kupata kitabu cha nne, kiwe cha mahali penyewe. Usambara ina bahati ambayo wilaya nyingi hazina, kwani historia ya watawala wake iliandikwa kwa Kiswahili na mtu aliyeishi karibu nao. Namaanisha Habari za Wakilindi ya Abdallah bin Hemedi, ambayo ilianza kuchapwa na misheni ya Magila, huko Muheza, katika miaka ya 1890, na ikatolewa upya Nairobi mwaka 1962. Nakala zake ni adimu, na mara nyingi utaipata maktaba kabla ya kuipata dukani, lakini kuisoma ukiwa Lushoto ni jambo tofauti kabisa na kuisoma ukiwa Sinza. Humo Mbegha anakuja kutoka Nguu akiwa mwindaji wa nguruwe, anagawa nyama, anapata heshima, na ukoo wake, ndio hao Wakilindi, unatawala kutoka Vuga. Baadaye unamkuta Semboja, mtawala wa ukoo huohuo, aliyeshuka kukaa Mazinde kwenye njia ya misafara, na unapofika hapo ndipo ile alasiri ya Irente inapolipa, kwa sababu Mazinde unayoisoma ndiyo ile iliyo chini ya miguu yako.

Jambo la mwisho ni lile ambalo matangazo ya mapumziko huliacha nje. Utulivu wa nyumba hizi kongwe haukujengwa na utulivu. Mwaka 1907 utawala wa Kijerumani katika wilaya ya Wilhelmstal ulileta kadi za kazi, na kwa kadi hizo mwenyeji alilazimika kumfanyia Mzungu kazi ya ujira siku 30 katika kila miezi minne. Ambaye kadi yake haikujazwa aliweza kusombwa kwenda kwenye kazi za serikali. Baraza tunazokalia na barabara tunazopandia zimo katika hesabu hiyo. Sisemi haya ili mtu aache kwenda. Nasema kwa sababu ukienda kusoma katika nyumba ya kihistoria bila kujua ni historia gani, umekodi pambo tu.

Kwa usafiri, kuna mabasi ya moja kwa moja hadi Lushoto, au unateremka Mombo na kupanda gari dogo kwa kilomita zisizofika 40 za kona, ukipita Soni. Mwenye kichefuchefu akae mbele na asijaribu kusoma njiani.

Karibuni kwa maoni.

Mzee wa Soni

Ndugu mleta uzi, nakushukuru kwa kutukumbuka watu wa milimani, na kwa sehemu kubwa umesema sawa. Nina mawili ya kuongeza na moja la kupinga.

La kwanza, hukutaja msimu. Wageni wengi hupanda mwezi Juni hadi Agosti kwa kuwa ni ukame na barabara ni nzuri, lakini hawajui kwamba huo ndio wakati wa baridi kali kwetu, na ukungu huweza kukaa mpaka saa nne asubuhi. Aje na sweta ya kweli, soksi nzito, na asione haya kuomba blanketi la pili. Vidole vikifa ganzi, hata kitabu kitamu hakigeuziki kurasa.

La pili, katika historia umeishia kwa Wajerumani, ukawaacha Waingereza wapumzike tu kwenye baraza. Sisi wazee wetu wanawakumbuka kwa matuta. Mwaka 1946 walianzisha mpango wa kuhifadhi udongo katika bonde la Mlalo, baadaye ukapanuliwa ukawa mpango wa Usambara nzima, na watu wakalazimishwa kulima matuta kwenye miteremko yao kwa amri na faini. Kazi ilikuwa nzito, hasa kwa akina mama, na mavuno hayakulingana na jasho. Watu walipinga kwa miaka, na mpango ukaachwa kabla ya uhuru. Mgeni akitembea asubuhi kuelekea Mlalo baada ya kusoma sura yake, aitazame ile miteremko akijua kwamba imewahi kuwa siasa.

Ninalopinga ni hili la Irente. Umewaambia watu wasisomee pale, nami nasema wewe umekwenda mchana. Nenda saa kumi na mbili na nusu asubuhi, wakati tambarare yote imefunikwa na mawingu na hakuna cha kutazama, utasoma mpaka mawingu yapasuke. Halafu Irente ina shule ya watoto wasioona, ambao husoma kwa vidole maandishi ya nukta nundu. Mahali ambapo watoto wanasoma bila kuhitaji mandhari hata kidogo, wewe unatuambia mandhari yanazuia kusoma. Tafakari tena, mwanangu.

Msomaji wa Temeke

Shikamoo Mzee wa Soni, na salamu kwako mleta uzi.

Nina maswali ya mtu anayetaka kweli kwenda. Mimi ni mwanamke, nitakuwa peke yangu, na ni Mwislamu. Je, hizi nyumba za misheni zinanipokea bila masharti ya ibada? Chakula je? Na usalama wa kutembea peke yangu ukoje, kwa sababu nikisoma saa tatu mfululizo lazima nitembee, la sivyo kichwa kinajaa. Tena naomba ukweli kuhusu umeme na mtandao, maana vitabu vyangu vingi viko kwenye simu.

Mpanda Mlima (mleta uzi)

Dada wa Temeke, asante kwa maswali yenye faida kwa wengi.

Nyumba za misheni hupokea wageni wa dini zote. Kengele utaisikia, sala utazisikia, lakini hakuna atakayekugongea mlango uende kanisani. Chakula usiwe na hofu kubwa, kwa kuwa Lushoto yenyewe ina Waislamu wengi na misikiti iko mjini, ila unapoweka nafasi waambie mapema kwamba huli nguruwe na ungependa kujua nyama inatoka kwa nani. Jiko lililoambiwa mapema hupanga vizuri, na lisiloambiwa hukupa mayai siku zote. Ukiwa unafunga, waeleze saa ya daku kabla hujafika, kwa kuwa mpishi mara nyingi hulala kwake.

Kutembea mchana kwenye njia za vijijini ni jambo la kawaida, watu ni wengi mashambani na watakusalimu mpaka uchoke kuitika. Msituni, kwa mfano katika hifadhi ya Magamba, usiende peke yako, mchukue mwongozaji wa pale. Sababu kubwa ni kupotea, kwa kuwa njia hugawanyika na ukungu hushuka ghafla. Pia inasaidia kumwambia mtu wa mapokezi unaelekea wapi na unatarajia kurudi saa ngapi.

Umeme hukatika, hasa mvua ikinyesha. Beba taa ya sola au tochi ya kichwani, na pakua vitabu vyako vyote kabla ya kuondoka nyumbani. Mtandao upo mjini, kwenye mabonde huja na kuondoka. Hata hivyo, nakushauri kwa nia njema ubebe angalau kitabu kimoja cha karatasi. Simu ikiwa mkononi, ujumbe wa kazini utakufuata mpaka Magamba.

Mzee wangu wa Soni, shikamoo. La matuta nimelipokea kwa mikono miwili, na la shule ya Irente limenifunga mdomo. La mawingu ya alfajiri nitabaki na mashaka mpaka siku utakaponipeleka mwenyewe.

Mswahili wa Chester

Salaam kutoka ughaibuni. Uzi huu umenigusa kwa sababu karibu na ninapoishi kuna mahali palipojengwa kwa shabaha hiyohiyo mnayoijadili, nami ningependa kueleza jinsi wenzetu walivyoipanga, kwa kuwa huenda kuna la kuiga na la kujihadhari nalo.

Katika kijiji cha Hawarden, kaskazini mwa Wales, kuna maktaba ambayo ina vyumba vya kulala. William Ewart Gladstone, aliyekuwa waziri mkuu wa Uingereza mara nne, alikuwa na vitabu vingi mno nyumbani kwake, na alipokuwa mzee wa zaidi ya miaka 80 akaamua kuvihamishia kijijini ili visomwe na watu wasio na vitabu. Vilihama vitabu 32,000, vingi vikisukumwa kwa toroli, yeye mwenyewe akishiriki pamoja na binti yake na mtumishi wake. Alifariki mwaka 1898. Jengo la mawe lililopo leo lilifunguliwa mwaka 1902, na sehemu ya malazi ikafuata mwaka 1906. Mgeni hulala ghorofani, hushuka kula, na kuingia chumba cha kusomea chenye makabati ya mbao mpaka darini, ambako hakuna anayezungumza. Wengine huandika tasnifu, wengine husoma riwaya, na hakuna anayeulizwa anafanya nini.

Ninalotaka mlitazame ni lile la mleta uzi kuhusu utulivu na gharama yake. Baba yake Gladstone, John, alikuwa miongoni mwa wamiliki wakubwa wa watumwa huko Demerara, ambayo leo ni sehemu ya Guyana. Maasi ya watumwa ya mwaka 1823 yalianzia katika shamba lake. Utumwa ulipofutwa, yeye ndiye aliyelipwa fidia, pauni 106,769 kwa watu 2,508, na wale watu hawakulipwa kitu. Mwaka 2023 baadhi ya wazao wa familia hiyo walikwenda Guyana kuomba radhi. Kwa hiyo hata huku, msomaji anayeketi kimya na kikombe chake cha chai amekalia hesabu ya namna hiyo, na tofauti ni kwamba siku hizi yeyote anayetaka kuisoma anaipata bila tabu.

La kuiga ni kitu kidogo tu. Pale chumba cha kusomea ndicho kiini, na malazi yamewekwa kukihudumia. Huko kwetu kila mmoja anaanza na vyumba vya kulala na ukumbi wa harusi, kisha kitabu hutafutiwa kona. Je, hakuna taasisi ya Lushoto yenye maktaba ambayo ingeweza kutenga vyumba vichache?

Mtu wa Muheza

Nimewasoma wote kwa subira, na nashangaa kwamba mmezunguka mpaka Wales kabla ya kutaja Amani.

Mwaka huohuo wa 1902 ambao mwenzetu wa Chester ameutaja, Wajerumani walianzisha Amani, katika Usambara ya Mashariki, kituo cha utafiti wa mimea na kilimo, chenye bustani kubwa ya miti iliyoletwa kutoka pande zote za dunia ya joto. Miti hiyo bado imesimama, na nyumba za watafiti zipo. Wakati wa Vita Kuu ya Kwanza, nchi ilipozingirwa na meli za Waingereza, kituo hicho kilitengeneza kwinini na mahitaji mengine kwa ajili ya jeshi la Wajerumani. Baadaye Waingereza walihamishia utafiti wa kilimo Muguga, Kenya, na Amani ikabaki na utafiti wa malaria. Ndiko kwenye milima ya ua lile dogo la zambarau, ambalo liliitwa Saintpaulia baada ya ofisa Mjerumani wa Tanga kulipeleka kwao, na ambalo leo hukaa kwenye vyungu vya madirisha ya Ulaya bila wenye madirisha kujua lilikotoka.

Kwa msomaji, Amani ina sifa ambayo Lushoto imeipoteza, kwamba hakuna mji. Hakuna soko la kukuvuta, hakuna stendi, hakuna ukumbi. Ukimaliza sura unatembea chini ya miti na kusoma majina yake. Mvua ni nyingi kuliko Lushoto, nakiri, na barabara kutoka Muheza wakati wa masika humtoa mtu machozi. Lakini mvua ya Amani ikianza hutoki, na usipotoka utasoma. Napendekeza mwezi wa Aprili kwa mtu mwenye kitabu kinene na roho ngumu.

Mzee wa Soni

Aprili! Huyu anataka kuwaua watu kwa unyevu. Vitabu vitaota ukungu kabla havijasomwa.

Mpanda Mlima (mleta uzi)

Ndugu wa Muheza, hoja yako ya kutokuwapo mji ni nzito, na kwa msomaji mzoefu naikubali. Kwa anayekwenda mara ya kwanza bado nasimama na Lushoto, kwa sababu ana mahali pa kununua dawa, betri na sabuni, na akishindwa kukaa kimya siku ya pili, kama inavyowapata wengi, anaweza kuteremka sokoni kula matunda na kupiga soga bila kuhesabu kwamba safari imeharibika. Aprili nawaachia wenye roho hiyo uliyoitaja, ila wafungie vitabu kwenye mifuko ya plastiki minene na kuviweka mbali na ukuta, kwa kuwa unyevu wa nyumba za mawe hupanda kutoka chini.

Mswahili wa Chester, swali lako la maktaba yenye vyumba sina jibu lake, lakini nadhani linaulizika kwa taasisi za kanisa na vyuo vilivyopo milimani, kwani tayari vina majengo, rafu na wanafunzi wanaokwenda likizo. Vyumba vya wanafunzi vikikaa vitupu wakati wa likizo ndefu, ambayo mara nyingi huangukia kipupwe, mtu akivikodi kwa juma moja pamoja na ruhusa ya kuingia maktaba, sioni nani atakayepata hasara. Anayefanya kazi katika taasisi ya namna hiyo na amepita hapa, naomba atueleze kikwazo ni nini.

Dada wa Temeke, umeniuliza faraghani kuhusu siku ya kuondoka, na najibu hapa ili wengine wafaidike. Ondoka katikati ya juma, ufike Mombo kabla ya saa tisa alasiri, maana magari ya kupanda hupungua jioni na dereva wa mwisho husubiri mpaka ajaze. Siku ya kwanza usijilazimishe kusoma, kwani mwili utakuwa bado unazunguka na zile kona. Anza kesho yake asubuhi kwa kile chembamba.